Waya Uliokatwa kwenye Tangi Tupu

Msiulize nani kanihadithia. Nilikuwapo, na nilikuwa wa kwanza kukimbia. Rafiki yangu, fundi tuliyemwita Koleo, wivu ulimtafuna kama jino bovu. Shemeji yake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika bisibisi, ndiye aliyepewa usimamizi wa mitambo ya kiwanda, eti kwa sababu amefunga vihisi vipya vya presha.

"Sikiliza, Koleo," shemeji alimtambia. "Presha isipokuwepo, kihisi kinatuma umeme kidogo, miliampea nne. Ikijaa, ishirini. Ukiona sifuri, ujue waya umekatika."

"Hongera, profesa," alijibu Koleo, huku moyoni anatokota.

Mchana ule mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua. Koleo akashuka chumba cha chini, nami nyuma yake, kwenye giza la kaburini, akakata waya wa kihisi cha tangi tupu ili shemeji aumbuke. Mshale wa kipimo cha ukutani ukaanguka sifuri. Koleo akacheka kimyakimya.

Mara mshale ukapanda. Nne. Kumi na mbili. Ishirini. Ukashuka polepole, ukapanda tena, ukilia ti, ti, ti. Akatazama waya: ncha iliyokatwa ilikuwa mkononi mwake.

Akabana pumzi. Mshale ukasimama. Akapumua. Ukapanda.

"Koleo!" shemeji aliita kutoka juu, mbele ya skrini. "Tangi si tupu? Mbona linapumua?"

Akabana pumzi tena, akaziba na pua. Safari hii mshale haukusimama.

Nakiri moja tu: lile giza nimelitia mimi kunogesha hadithi. Taa zote zilikuwa zinawaka.