Maji ya Meza ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake darasani aliyekuwa nayo: kuwahesabia wazazi wake dakika. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, saa ya baba mkononi, huku baba na mama wakizunguka mtaa wakitweta. Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu wa miguu mirefu. Mama alikuwa fundi cherehani, mfupi, na kwa maneno yake mwenyewe miguu yake ilizoea kukanyaga cherehani, si lami. Walikuwa wakijiandaa kwa marathoni ya mume na mke, kilomita arobaini na mbili. Sharti lake lilikuwa gumu: wenza wasiachane zaidi ya hatua kumi, na mstari wa mwisho wauvuke wameshikana mikono.

"Nyinyi mnaogombania upande wa kitanda, mtaweza?" kinyozi jirani yao aliwatania.

"Wewe nyoa," mama alimjibu bila kusimama. "Tutakapopita hapa na medali, usije ukamkata mtu sikio kwa kushangaa."

Chiriku halikuwa jina lake la nyumbani. Wenzake wa darasa la sita walimpa kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Tena akiona mtu anaonewa, alifoka kabla hajaulizwa. Walimu walimsifu kwa hilo, naye alijua kwamba wanamsifu.

Siku ya mbio, darasa lao lilipewa meza ya tatu ya maji, kwenye kilomita ya thelathini. Wiki hiyo mabomba yalikuwa makavu, hivyo mpishi wa shule alichota maji kisimani, akayachemsha kwa siku mbili, akayapoza na kujaza madumu ishirini. Aliyapanga mwenyewe chini ya meza.

"Haya ni ya wanaokimbia," aliwaambia wanafunzi. "Mimi mwenyewe sijaonja hata tone. Jua la leo halina utani."

Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Saa kumi na mbili ikafika, kimya. Saa moja, kimya. Saa mbili, bado. Mgeni rasmi alikuwa hajafika, na mwenyekiti wa kamati ya mbio, ambaye pia aliongoza kamati ya shule, alikataa katakata kupuliza filimbi bila yeye. Jozi mia tatu za wakimbiaji, waliofunga kamba za viatu tangu alfajiri, wakasimama juani kumsubiri mtu mmoja ambaye hangekimbia hata hatua moja. Je, hiyo ni haki? Na kama hilo halikutosha, mwenyekiti akatuma mtu amtoe mpishi mezani aende hemani kuwaandalia wageni chai.

"Na meza nimwachie nani?" mpishi aliuliza.

"Watoto si wapo?"

Watoto walikuwepo, kweli. Walikuwepo, wamechoka kusubiri na jasho linawatiririka. Bonge, rafiki yake Chiriku, alinawa uso kwa kiganja kimoja cha maji. Kisha akamrushia Chiriku matone mawili matatu. Chiriku akalipiza kwa kikombe kizima. Kufumba na kufumbua, darasa zima lilikuwa vitani, vikombe vinaruka, mashati yameroa, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Chiriku. Walipokuja kutulia, madumu manane yalikuwa matupu.

"Yamebaki kumi na mawili," Chiriku alisema. "Mengi tu hayo."

Mgeni alipowasili, filimbi ilipulizwa saa mbili na nusu. Wakimbiaji wa kwanza walipofika mezani, lami ilikuwa imeanza kulainika kwa joto. Kila mmoja alichukua vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha kujimwagia kichwani. Dumu la kwanza likaisha, la tano likaisha. Saa sita ilipopita kidogo, Bonge alipindua dumu la mwisho, likatoa matone tu.

Na wakimbiaji walikuwa bado wanakuja.

Baba na mama walikuwa miongoni mwao. Baba alikuwa amefupisha hatua zake ili asimwache mwenzake. Midomo ya mama ilikuwa mikavu, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

"Mwanangu, nipe maji."

"Yameisha, mama."

Mama alitazama vile vikombe vitupu, akamtazama mtoto wake.

"Tupumzike kidogo, mke wangu," baba alisema.

"Nikikaa sitainuka. Twende, meza nyingine iko mbele."

Meza nyingine ilikuwa kilomita tano mbele, nao hawakuifikia. Kilomita tatu baada ya kuiacha meza ya watoto, mama alianguka. Baba alimbeba mgongoni, huku yeye mwenyewe anapepesuka, mpaka gari la huduma ya kwanza lilipowakuta na kuwapeleka kwenye hema la wagonjwa uwanjani.

Habari zilipomfikia Chiriku, akakimbilia huko, akamkuta mama ametundikiwa dripu na baba anampepea kwa kitambaa chenye namba yao ya mbio. Hema la pili lilikuwa la wageni. Ndani yake chupa za maji zilikuwa zimelala kwenye barafu, nyingi hazijafunguliwa. Chiriku aliona giza kwa hasira. Akamwendea mwenyekiti moja kwa moja, mbele ya watu wote.

"Mmewaweka watu juani masaa mawili na nusu kwa sababu ya mtu mmoja! Nyinyi mnakunywa maji ya barafu, mama yangu anaanguka barabarani! Hamna hata aibu?"

Watu walipiga makofi. "Sema, mtoto!" mmoja alipaza sauti. Mwenyekiti alijifuta jasho shingoni, akageuka huku na huku, kisha akaona pa kutokea.

"Meza ya tatu tuliipa madumu ishirini. Yalimtosha kila mkimbiaji," alisema. "Kama yaliisha, muulizeni mpishi aliyapeleka nyumbani kwa nani. Watu wa aina hii tunawajua. Kesho asubuhi alete funguo za jiko ofisini kwa mwalimu mkuu, kazi yake imekwisha."

Vichwa vyote viligeuka. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, sinia la vikombe vya chai mikononi. Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, halikutoka hata neno moja.

Alasiri mama alihamishiwa zahanati. Akiwa amejiegemeza kwenye mto, mlango uligongwa, akaingia mpishi.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada," alisema. "Labda nilihesabu vibaya. Sijui. Nimepika shuleni miaka kumi na minne, leo nimeitwa mwizi mbele ya watoto ninaowalisha."

Chiriku hakuweza kuvumilia. Mtu aliyeonewa ndiye anayeomba radhi!

"Hukukosea, mama mpishi," alisema, machozi yakimtoka. "Tulirushiana. Madumu manane. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."

Baba aliinuka kwenye kiti. "Nimembeba mama yako mgongoni nikidhani ananifia, kumbe..." Akatoka nje, wakamsikia akitembea huku na huku barazani.

"Na ulipokuwa ukimfokea mwenyekiti," mama aliuliza polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Ulijua," mama alirudia, akageukia ukutani.

Mpishi hakumbembeleza. "Sitakwambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu kikubwa. Kesho saa mbili uwe ofisini. Nikifika nikukute."

Alimkuta. Ofisini kwa mwalimu mkuu walikaa mwalimu mwenyewe, mwenyekiti wa kamati, baba, na mama aliyekuja akitembea taratibu. Mpishi aliweka funguo za jiko mezani na kubaki amesimama. Chiriku akaeleza yote, tangu kiganja cha kwanza hadi dumu la nane. Kabla hajamaliza, mlango ulifunguka na Bonge akaingia bila kuitwa.

"Ni mimi niliyeanza, mwalimu," alisema, akajipanga kando ya mwenzake.

Mwenyekiti alitabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Mmeona? Kamati haina kosa. Ni watoto tu. Basi mimi niwaache, nina kikao."

"Kaa kwanza," alisema mpishi.

Mwenyekiti alikaa. Nadhani hata yeye hakujua kwa nini alitii.

"Mtoto wa miaka kumi na miwili amesema lake," mpishi aliendelea. "Wewe mtu mzima, lako liko wapi? Nani aliwaanzisha watu kukimbia juani saa mbili na nusu? Nani alinitoa mezani nikamimine chai? Nani aliniita mwizi bila kuuliza hata swali moja?"

"Unajua, mgeni rasmi..."

"Sijauliza habari za mgeni."

Mwenyekiti alimtazama mwalimu mkuu, akitegemea kuokolewa. Mwalimu mkuu alikuwa anasubiri jibu kama wengine wote.

"Nilikosea," mwenyekiti alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nilipaswa kuanzisha mbio kwa wakati. Na wewe, mama mpishi, sikupaswa kukuita vile. Nisamehe."

"Hukuniita mwizi humu ofisini," mpishi alimjibu. "Uliniita mbele ya watu."

Kwa hiyo wote walitoka hadi mstarini, na shule nzima ikamsikia mwenyekiti akisema tena maneno yale yale, safari hii kwa sauti ya kusikika. Chiriku na Bonge nao walisema yao. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule yake haitasaidia tena mbio zozote zitakazoanza jua likiwa limeshakuwa kali, awe mgeni amekuja au hajaja. Wale wawili wakapewa kazi ya kuchota maji ya jiko kwa mwezi mzima. Mpishi aliitikia kwa kichwa, akachukua funguo zake na kurudi jikoni.

Mama alimwita Chiriku kando kabla hajaingia darasani.

"Yote uliyomwambia mwenyekiti yalikuwa kweli," alisema. "Watu walikupigia makofi kwa haki. Lakini ulisema kosa lake ukaficha lako, na mtu asiye na hatia akabebeshwa mzigo. Siku nyingine ukiona uonevu, anza kwa kusema sehemu yako. Ukishaisema, foka utakavyo. Hakuna atakayeweza kukunyamazisha."

"Ndiyo, mama," alisema Chiriku. Akachukua ndoo yake ya kwanza.