Kiraka Kikubwa Mno

Soko la vitambaa la Yongle, Taipei, lilikuwa limefurika watu siku suruali ya Shih-wei ilipochanika gotini. Akaingia kibanda cha kwanza alichokiona, koti la udaktari bado mwilini. Fundi, Ya-chu, gauni la kijani limemkaa vilivyo, akatema pini na kumcheka waziwazi.

"Daktari mzima, goti nje?"

"Nishonee basi, dada. Kiraka utakitoa wapi?"

"Kwenye upindo, kwa ndani. Nani atajua?"

"Kumbe kazi yetu moja!"

Kazi ya Shih-wei ilikuwa kuziba palipokatwa uvimbe. Huchukua ngozi ya pajani pamoja na mshipa wake wa damu, msuli hauguswi, akaihamishia penye jeraha.

Basi, mapenzi hayo. Mwaka mzima simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nakusubiri wewe, mvivu." Harusi ikapangwa Novemba.

Kisha Ya-chu akaota kivimbe kwenye ugoko, kama punje ya haragwe. Kikapimwa. "Mafuta tu hayo," Shih-wei akamwambia. Majibu ya kweli alimpa mama mtu, koridoni. Ndivyo tulivyozoea huku: mgonjwa hufichwa, ndugu huambiwa, na tunaita huruma. Huruma gani hiyo, jamani?

Asubuhi ya upasuaji Shih-wei alimpitishia pajani kidude cha kusikilizia damu. Shwaa, shwaa. Kila kilipovuma akatia alama ya kalamu, halafu akachora umbo la jani kuzizunguka.

Ya-chu akalipima kwa shibiri. Likazidi shibiri nzima. Miaka kumi na mitano ya ushonaji, hajawahi kukata kiraka kikubwa kwa tundu dogo.

"Shih-wei, kivimbe ni haragwe. Hiki chote cha nini?"

Shih-wei akaendelea kukoleza mstari.

"Ni saratani?"

"Mama alinisihi pale koridoni nisi..."

"Mguu ni wa mama?" Machozi yakamtoka. "Mmenizunguka nyote wawili! Mkakaa mnanitazama nachagua kitambaa cha harusi, nacheka kama mjinga!"

"Niliogopa utakata tamaa, mpenzi."

"Uliogopa wewe. Mimi hukuniuliza."

Nesi akabisha mlango. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Shih-wei alikuwa bado ameshika kalamu.

"Nimwite daktari mwingine?" akamuuliza Ya-chu.

"Shona wewe. Mkono wako nauamini." Akavua pete ya uchumba, akaiweka kiganjani mwa Shih-wei. "Hii kampe mama. Vitu vyangu si mnapeana koridoni?"