Bibi Yuliana na Somo Wake

Kila Jumamosi asubuhi Juliana alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaketi kizingitini kumsubiri bibi. Mama alikuwa ameshatangulia sokoni kufungua marobota yake ya mitumba. Bibi, mama mzazi wa mama yake, alishuka kutoka kijijini kwake Kinole, milimani, na pikapu ya mizigo, ndizi chini, magunia ya mdalasini juu ya ndizi, na yeye juu ya yote. Kabla hata ya kuitikia shikamoo, aliita, "Yuliana, somo wangu, njoo unipokee."

Waliitana somo kwa sababu jina lao lilikuwa moja. Bibi alibatizwa na mapadri wa zamani waliosema Yuliana, na wazee wa milimani wakalishika hivyohivyo, kama walivyoshika Yosefina na Yohana. Mjukuu alipozaliwa akapewa jina la mtakatifu yuleyule. Tangu hapo sikukuu ya mtakatifu huyo, somo wao, kila Februari, ilikuwa yao wawili. Walikula sahani moja, na kwa desturi ya nyumba yao mkubwa hakutia kitu kinywani siku hiyo mpaka mdogo aanze.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Redio mpya zilikuwa zimeanza kusikika, televisheni za kwanza zimeingia mtaani, na watoto wa pale mjini Kilakala walitaka kila kitu kiwe cha kisasa, majina yakiwemo. Yuliana akawa Juliana, kisha Juli. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa ni kwamba rafiki zake, Winfrida na Catherine, walipenda kuwaiga watu wa milimani wanavyotamka majina, naye Juliana alicheka kuliko wote ili asishukiwe. Aliwaambia hata kwamba bibi yake anaishi Dar es Salaam.

Mwaka ule sikukuu ya somo iliangukia siku ya shule, na bibi hakuwa na subira ya kungoja Jumamosi. Wakati wa mapumziko Juliana alimwona akiingia getini, kikapu kichwani, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa akimwuliza kila mtoto aliyekutana naye, "Yuliana yuko wapi?"

Winfrida akaliiga jina lile kwa kulivuta, Catherine akaangua kicheko. Kisha wakamgeukia Juliana kumwuliza kama anamfahamu yule bibi.

Juliana alihisi uso unawaka. "Simfahamu," alisema. "Labda ni muuza ndizi."

Aliyasema kwa sauti ndogo, lakini bibi alikuwa ameshafika. Alisimama, akamtazama mjukuu wake, kisha akatua kikapu chini.

"Ni kweli, mimi ni muuza ndizi," alisema taratibu. "Ila leo siuzi. Kuleni, wanangu."

Akawagawia ndizi mzuzu za kukaanga na vipande vya kuku mpaka kikapu kikabaki kitupu. Juliana alipokea chake kama wengine, kwa mikono miwili, na hakuitwa kwa jina lolote. Alibaki ameshika kile kipande bila kukila, akimwangalia bibi akitoka getini, huku akijua kwamba bibi hajaonja kitu tangu asubuhi, akimngoja yeye aanze.

Jumamosi iliyofuata pikapu ilikuja bila bibi. Ya pili yake vilevile. Dereva alisema bibi ni mzima, anashughulika na pilipili manga zake. Juliana aliendelea kukaa kizingitini. Alimkumbuka bibi. Aliikumbuka harufu ya mdalasini katika khanga zake, na zaidi ya yote alilitamani jina lile alilolicheka. Mjini kote hakuna aliyelitamka vile. Akiwa peke yake jikoni alijaribu kujiita mwenyewe, polepole, lakini halikuwa lilelile.

Mwishowe alimweleza mama yake yote. Mama aliweka kando nguo aliyokuwa akiikunja. Halafu akasema kwamba msamaha hautumwi kwa dereva, na kwamba ataanza na wale aliowadanganya, ndipo apande mlimani.

Juliana aliwaendea rafiki zake, akawaambia kwamba yule muuza ndizi ni bibi yake. Alitegemea kuchekwa. Winfrida aliinamisha kichwa, akasema kwamba babu yake humwita Vinifrida, naye huomba Mungu mzee asije akafika shuleni.

Jumamosi hiyo Juliana alipanda Kinole, akamkuta bibi uani, akikwangua maganda ya mdalasini. Alimwamkia, akapiga magoti.

"Bibi, nilikukana."

"Nilisikia."

"Ndiyo maana huji tena?"

Bibi aliweka kisu kando. "Siji kwa sababu niliogopa kukuaibisha mara ya pili," alisema.

Juliana angependa kupigwa kuliko kusikia maneno yale. Alilia hasa, bibi akamwacha alie. Aliponyamaza, bibi alimvuta karibu naye mkekani.

"Jina halina ugomvi," alisema. "Mapadri walilitamka kwa ulimi wao, sisi kwa wetu, nanyi wa mjini kwa wenu. Mtakatifu ni mmoja, anaitika kote. Itwa Juli ukipenda, sitanuna. Ila ukiulizwa mimi ni nani, sema kweli, hata uso ukikuwaka. Aibu huisha siku hiyohiyo. Uongo umetunyima wiki nzima nzima, wewe huko na mimi huku, kila mtu anamtamani mwenzake."

Juliana akasema rafiki zake sasa wanajua, na kwamba wanaomba kuja kumwona. Bibi akauliza kama wanajua kukwangua mdalasini, kwa maana kwake hakuna wageni wa kukaa tu. Kisha akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Nimezeeka," alisema. "Ipo siku utatamani nikuite, nami sitakuwepo. Usiianze siku hiyo mapema, ningali hai."