Mshale Uliotulizwa

Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu, na gari lilikuwa halijawashwa. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Mwalimu, boneti ilikuwa na umande, na mama yake alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkoba wa kliniki mapajani. Mwalimu aligonga kioo cha geji kwa ukucha. Mshale haukutikisika. Mama aliposhuka kufuata miwani ndani ya nyumba, ukalala hadi chini. Aliporudi na kuketi, ukapanda tena.

"Hili gari linachemsha," Mama alisema.

"Haliwezi, Mama," binti alijibu. "Sijaliwasha."

"Basi ni mimi ninayechemka."

Alisema kwa mzaha. Mwalimu alimgusa paji la uso, akauondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria.

Kliniki, nesi aliweka kipimo cha homa chini ya kwapa la Mama, akakisoma, akakipangusa. "Hana homa."

"Mguse tu, dada. Tafadhali."

"Sisi hatupimi watu kwa kiganja. Hapa si jikoni." Nesi alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine. Mwalimu alibaki amesimama na mama yake aliyekuwa anaungua, na cheti kinachosema yuko mzima.

Alimrudisha nyumbani, akamlaza, akaondoka peke yake kwenda gereji. Njiani gari likachemsha kweli. Mvuke ulifunika kioo chote cha mbele, na ndani ya gari mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kana kwamba injini imetolewa kwenye barafu.

Fundi wa gereji aliitwa Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, na wateja walilikubali kwa uchovu.

"Mwalimu! Umelileta tena hili jeneza?" alipiga kelele ili wateja wengine wasikie. "Si tatizo. Nang'oa themostati, natupa, feni naiunga moja kwa moja, unaondoka."

"Hujapima chochote."

"Nipime nini? Macho ninayo."

Mwalimu alishika rejeta kwa kitambaa. Juu ilikuwa ya moto, chini ya baridi. "Imeziba," alisema. "Maji hayapiti. Themostati iache, izibue rejeta."

Bingwa alicheka hadi akashika kiuno, kisha akafungua bomba la chini; tope lilipoanza kutoka, akaizibua. Injini ilipoa, ikanguruma vizuri. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Alilala chali chini ya usukani na tochi, akakuta waya wa sensa ya joto umekatwa, na mahali pake pameungwa kirizista, kidude cha kupunguza umeme, kidogo kama punje ya mchele.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, enzi za marehemu baba yako." Bingwa alijifuta mikono bila haya. "Mzee alikuwa na wasiwasi, kila kilima anapiga simu. Nikamtulizia mshale. Ukae katikati, gari liungue, lisiungue. Nusu ya magari ya mtaa huu nimeyatuliza. Mteja hanunui injini, dada, ananunua usingizi."

"Kwa hiyo mshale huu hauwezi kusogea."

"Hauwezi hata ukiuombea."

"Asubuhi hii ulipanda hadi nyekundu. Gari limezimwa. Nani aliupandisha?"

Bingwa aliitazama geji. Kisha akatema mate pembeni. "Wasomi mna mambo," alisema, lakini hakuingia tena ndani ya gari lile.

Kufikia jioni nyumba ilikuwa inanuka maziwa yaliyoungua, na jikoni hapakuwa na maziwa. Kaka yake alikuja na mganga aliyevaa kanzu mpya na miwani ya jua. Mganga akazunguka gari, akanyunyiza maji kwenye boneti, akanong'ona, akakohoa.

"Jini ametoka," mganga alitangaza.

"Una hakika?" Mwalimu alimuuliza.

"Binti, mimi hii ndiyo kazi yangu."

Maji aliyonyunyiza yalikuwa yanatokota juu ya bati baridi wakati bado anatabasamu. Aliyaona, akavua miwani, akasema amekumbuka kuna mgonjwa anamsubiri. Kaka akamfuata nyuma akimwita mzee, mzee, huku Mwalimu akiwatazama wote wawili kama mtu anayetazama kuku wakikimbia mvua.

Mwalimu alirudi chumbani kwa Mama. Mama alikuwa ameketi kitandani akiwa ameshika bilauri ya maji, na ndani ya bilauri vipovu vilikuwa vinapanda kutoka mahali vidole vyake vilipogusa, kimoja, kingine, halafu vingi kwa pamoja, na shuka chini yake lilikuwa limeiva rangi ya kahawia kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na alipogeuza uso kumtazama binti yake macho yalikuwa ya Mama lakini dharau iliyokuwa ndani yake haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kumlea.

"Mnanifukuza kwa maji," sauti ilisema, ya chini, ya kuchoka. "Nyinyi ni viumbe wa kuchekesha sana."

"Mwache mama yangu," Mwalimu alinong'ona.

"Mlimkata anayesema kweli kwenye gari lenu, mkaacha kiti chake wazi. Nikakaa. Nani asingekaa? Sasa naonyesha ninachotaka, kwenye geji, kwenye vipimo vyenu, na nyinyi mnaniamini kuliko mikono yenu."

"Nifanye nini utoke?"

"Aliyenitengea kiti akichomoe kwa mkono wake. Nitamfuata yeye." Kicheko kidogo kikavu. "Upesi. Huyu kizee ni kuni nyembamba."

Kulipokucha tu Mwalimu alimbeba Mama kwa blanketi lililoloweshwa hadi kwenye gari na kuendesha. Mshale ulikuwa umepita nyekundu, umegota ukingoni, unatetemeka. Kwenye kioo cha nyuma aliona midomo ya Mama imepasuka, inatamka jina la marehemu bila sauti.

Gereji ilikuwa imeshajaa wateja. Bingwa alikuwa anamweleza mmoja wao kwamba gari lake halina shida.

"Fundi," Mwalimu aliita, "njoo uchomoe kirizista chako."

"Chomoa mwenyewe. Si umesoma?"

"Unaogopa."

Wateja wakageuka. Mmoja akaguna. Bingwa akawatazama, akatazama gari, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mimi niogope kadude kama kale?"

"Jana hukuthubutu hata kuketi."

"Sogea huko!"

Mwalimu alikuwa na nafasi ya kumwonya. Palikuwa na muda wa kutosha kwa sentensi nzima. Aliutumia kwenda kuketi nyuma, karibu na mama yake.

Bingwa alijipenyeza chini ya usukani akilaani, akapapasa, akavuta. Kitu kikakatika kwa mlio mdogo. Mshale ukaanguka kama uliokatwa kamba. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikapita mbele ya uso wa Mwalimu, nzito, ikaelekea mbele, ikaisha. Mama akavuta pumzi ndefu.

"Haya!" Bingwa aliibuka, akainua kirizista juu wote wakione. "Kuna jini hapa? Nimekufa? Niko sawa kabisa, kama mnavyoniona!"

Wateja wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwalimu akahamia mbele, akawasha gari.

"Funga dirisha, mwanangu," Mama alisema kwa sauti yake mwenyewe, dhaifu, yenye kunung'unika. "Nasikia baridi."

Bingwa alikuwa bado amesimama katikati yao akirudia kwamba yuko sawa, na mafuta ya injini yaliyokuwa vidoleni mwake yakaanza kutoa moshi.

Mwalimu akafunga dirisha.