Vizibo vya Mkebe wa Osob

Khadra alichomeka penseli katika tundu la kaseti na kuizungusha polepole. Utepe ulikuwa umetoka nje na kujiviringa kama utumbo wa kuku. Mwenye kaseti, mzee mmoja aliyetoka Eldas kuuza ngamia, alisimama mlangoni akimtazama kwa wasiwasi.

"Usiikate, mwanangu. Humo ndani mna sauti ya mke wangu akiimba arusini."

"Haitakatika, adeer," Khadra alijibu. Mwanamume yeyote wa rika la baba yake, Khadra alimwita adeer, yaani baba mdogo. Alizungusha tena, mkunjo mmoja ukanyooka, kisha mwingine, mpaka utepe wote ukarudi ndani. Mzee alitabasamu, akaitia kaseti yake mfukoni na kwenda zake.

Ulikuwa mwaka wa 1996, na Khadra alikuwa darasa la sita. Kila siku baada ya shule alimsaidia shangazi yake, Eddo Naimo, katika duka la kaseti karibu na soko la Garissa. Wanamuziki walimletea Eddo nyimbo zao, naye alizinakili kwa wateja kwa mashine zake mbili na kuwagawia wanamuziki faida yao. Mteja aliweza kununua wimbo mmoja tu au kaseti nzima. Aliyenunua wimbo mmoja na kuupenda aliweza kurudi na kaseti ileile, akaongeza pesa, akarekodiwa nyimbo zilizobaki. Dukani waliita jambo hilo kujaza.

Nje ya mlango palikuwa na ubao mweusi. Kila jioni Eddo aliandika majina ya wanamuziki kwa chaki, kuanzia anayenunuliwa zaidi hadi anayenunuliwa kidogo. Watu walipita kuusoma ubao huo kama wanavyosoma matokeo ya mpira.

Kazi ya kuhesabu ilikuwa ya Khadra. Kila mwanamuziki alikuwa na mkebe wake, mikebe mitupu ya maziwa ya unga iliyopangwa juu ya rafu. Wimbo mmoja ukinunuliwa, Khadra alitia mkebeni kizibo cha soda cha manjano. Kaseti nzima ikinunuliwa, alitia kizibo chekundu. Jioni Eddo alihesabu vizibo vyote, vya manjano na vyekundu, bila kubagua.

"Mbona kaseti nzima isihesabiwe zaidi?" mteja mmoja aliwahi kuuliza.

"Ubao wangu hauhesabu urefu wa utepe," Eddo alimjibu. "Unahesabu nyumba ambazo mwanamuziki ameingia."

Wiki hiyo ubao ulikuwa na uzito wa pekee. Bwana Hesbon, mwenye studio ndogo huko Nairobi, alikuwa ameahidi kuja Jumamosi. Mwanamuziki atakayemkuta wa kwanza ubaoni angempeleka Nairobi pamoja na waitikiaji wake, kwa gharama yake, wakarekodi upya kwa vyombo vizuri.

Wawili ndio waliokuwa wakishindana. Wa kwanza alikuwa Yakub, kijana mwenye kinanda, ambaye vijana wote wa mji walimpenda. Wa pili alikuwa Osob, mjane wa mtaa wa Waberi aliyeuza maziwa sokoni. Osob aliimba buraanbur, mashairi ya wanawake yanayoimbwa kwa ngoma na makofi. Wimbo wake mkubwa ulisimulia wanawake waliotembea na watoto wao kutafuta mvua. Katika kiitikio chake zilisikika sauti tatu za wasichana, na mojawapo ilikuwa ya Khadra.

Kwa hiyo Osob akishinda, Khadra naye angeenda Nairobi. Alikuwa hajawahi kuvuka hata daraja la Mto Tana.

Jumatano hiyo mkebe wa Osob ulikuwa mzito kuliko mingine yote. Yahye, mdogo wake Yakub, ambaye alisoma darasa moja na Khadra, aliingia dukani na kuuinua.

"Naa Khadra! Mkebe huu umeshiba kuliko ngamia aliyetoka kisimani. Unaulisha nini usiku?"

"Waryaa, weka chini! Watu wananunua."

"Watu gani? Mama yangu anasema nusu ya kina mama wa mtaa wetu wanaazimana kaseti moja."

"Basi mwambie mama yako anunue yake," Khadra alisema, na wote wawili wakacheka.

Jioni hiyo baba yake Khadra, Diriye, alirudi kutoka soko la mifugo akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa dalali, mtu wa kuwapatanisha wauzaji na wanunuzi. Alipokuwa akinywa chai alianza kucheka peke yake.

"Leo Sugow ametuchekesha," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa langoni akihesabu wanyama waliouzwa. Mtu mmoja alinunua mbuzi asubuhi, akatoka naye. Adhuhuri akabadili nia. Akamrudisha mbuzi, akaongeza pesa, akatoka na mtamba wa ng'ombe. Sugow akamwandikia wanyama wawili! Na alifanya hivyo kwa kila aliyebadilisha. Mwisho wa siku, wallahi, tulikuwa tumeuza wanyama wengi kuliko walioingia sokoni!"

Khadra alicheka sana. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Aabo," aliuliza, "kwani angefanyaje?"

"Angemfuta mbuzi kabla ya kumwandika mtamba. Mnunuzi ni mmoja, na mnyama aliyekwenda naye nyumbani ni mmoja."

Khadra aliweka kikombe chini. Mteja akinunua wimbo mmoja, yeye hutia kizibo cha manjano. Mteja huyohuyo akirudi kujaza, hutia chekundu. Lakini cha manjano hukiacha mlemle mkebeni. Mtu mmoja, kaseti moja, nyumba moja, vizibo viwili. Na wateja waliorudi kujaza kwa wingi walikuwa wa Osob, kwa sababu kina mama walionja wimbo mmoja kwanza.

Hakuna aliyelijua jambo hilo isipokuwa yeye. Ilibaki siku tatu tu Bwana Hesbon aje.

Alhamisi Khadra hakula chakula cha mchana. Alikwenda moja kwa moja hadi sehemu ya maziwa sokoni, akamkuta Osob akisafisha kibuyu kwa moshi wa kijiti kinachowaka.

"Mama Osob, nimefanya kosa," alisema, akaeleza yote.

Osob alizungusha kijiti ndani ya kibuyu. Moshi ulipanda kati yao.

"Nikitoa vizibo hivyo, huenda Yakub akatupita," Khadra aliongeza kwa sauti ndogo.

"Nimekusikia." Osob alikitazama kibuyu chake. "Nimewaambia watoto wangu kwamba nakwenda Nairobi. Nimewaambia hata majirani." Akavuta pumzi. "Vitoe, mwanangu. Nikienda huko kwa vizibo visivyo vyangu, nitaimba nikimtazama nani usoni?"

Baada ya shule Khadra alimweleza Eddo Naimo. Eddo hakumgombeza. Alitoa mikebe miwili rafuni, ule wa Osob na ule wa Yakub, akaiweka mezani.

"Tutajuaje ni vingapi?" aliuliza.

Khadra alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Kila kaseti ina vijino viwili vidogo vya plastiki mgongoni. Eddo akimaliza kurekodi huvivunja, ili mtu asifute nyimbo kwa bahati mbaya. Mteja akirudi kujaza, ni lazima tundu lizibwe kwa kipande cha selotepu, la sivyo mashine haikubali kurekodi.

"Kaseti iliyojazwa ina selotepu mgongoni," Khadra alisema. "Nitakwenda nyumba kwa nyumba kuziangalia. Na Yahye aje nami, ili kina Yakub wasiseme nimehesabu ninavyotaka."

Yahye alipoitwa alishangaa. "Unataka kupunguza mkebe wenu wenyewe? Umeumwa na jua?"

"Na wa kaka yako pia. Kanuni ni moja."

"Haye. Lakini mimi ndiye nitakayebeba mifuko ya vizibo vya kuhesabia, wa Osob na wa kaka."

"Na usiimbe njiani," Khadra alisema. "Wala mimi sitaimba, tusije tukampigia mtu kampeni. Tunaangalia selotepu tu."

Walianzia Waberi. Katika kila nyumba Khadra aliamkia, akaomba kuona kaseti ya Osob au ya Yakub, akaigeuza. Ikiwa na selotepu, aliuliza, "Ulirudi kujaza?" Mwenye nyumba akikubali, Yahye alitia kizibo cha manjano katika mfuko wa mwimbaji huyo. Katika nyumba nyingine kaseti haikuwepo. Ilikuwa imeazimwa, nao wakaifuata kwa jirani, na kwa jirani wa jirani.

Kwa Maka, fundi cherehani, walikuta kaseti ya Osob ndani ya redio.

"Ngojeni wimbo uishe kwanza," Maka alisema. "Siwezi kuukata hapo."

Wakangoja. Kiitikio kikafika, na Khadra akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka redioni. Alibana midomo. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kushonewa nguo walisogea karibu.

"Huyu ni nani?" mmoja aliuliza.

"Osob wa maziwa, humjui?" Maka alisema. "Wimbo huu unapatikana kwa Naimo."

"Khadra, unafanya kampeni!" Yahye alinong'ona.

"Mimi sijasema neno. Kaseti ndiyo inayosema."

Ikawa hivyo mtaa mzima. Kila walipoomba kuiona kaseti, mwenye nyumba aliona ni haki waisikilize pia. Palipokuwa na kaseti ya Yakub walikuta vijana wakicheza kwa kinanda, na Yahye alicheza nao kidogo, ingawa alidai alikuwa ananyoosha miguu.

Ijumaa jioni walirudi dukani wakiwa na miguu iliyojaa vumbi. Mbele ya Yakub mwenyewe, Eddo Naimo alitoa kutoka kila mkebe vizibo vya manjano vilivyozidi, idadi ileile ya mfukoni. Wa Yakub ulipungua kidogo. Wa Osob ulipungua sana. Eddo alipanda kigoda cha mlangoni, akafuta ubao kwa kitambaa, akaandika upya: Yakub wa kwanza, Osob wa pili.

Khadra alilisoma jina la Osob katika mstari wa pili. Kisha akairudisha mikebe rafuni.

Yakub alikuna kichwa. "Abaayo, dada yangu," alimwambia Khadra, "mimi nisingeweza. Wallahi nisingeweza."

Jumamosi asubuhi Khadra alipofika kufungua duka, alikuta kina mama wamesimama mlangoni. Mbele yao alikuwa mmoja wa wale waliokuwa kwa fundi Maka. Nyuma yake alikuwa mama yake Yahye.

"Nimechoka kungoja zamu yangu ya kaseti," mama huyo alisema. "Binti wa Diriye, nipe yangu. Nzima, si wimbo mmoja."

"Mama!" Yahye alilalamika. "Na kaka je?"

"Kaka yako nina kaseti yake, na huimba bure nyumbani kwangu tangu alfajiri. Nyamaza."

Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Waliokuwa wameazima kaseti sasa walitaka zao. Vijana nao walikuja kwa Yakub, lakini wachache, kwa kuwa wengi walikuwa nayo tayari. Mashine zote mbili zilizunguka bila kupumzika. Kila kizibo kilipotiwa, Yahye alisimama kando akikagua, na kwa mteja aliyekuja kujaza, Yahye mwenyewe alitoa cha manjano kwanza.

Bwana Hesbon alifika saa tisa alasiri, akijipepea kwa gazeti. "Jamani Garissa! Hili jua mnalilipia kodi?" Kisha akaitazama mikebe. "Nilisikia mkebe wa Osob ulikuwa umejaa pomoni tangu Jumatano. Mbona haujajaa?"

Kabla Khadra hajafungua mdomo, Yahye alijibu. "Yeye ndiye aliyeupunguza. Kulikuwa na watu waliohesabiwa mara mbili. Hakuna aliyejua. Amezunguka mji mzima kutafuta vizibo vya kutoa, na mimi nilikuwa naye. Tuhesabu mbele yako."

Wakahesabu mbele ya watu wote, kimoja cha Yakub kwa kimoja cha Osob, kwa sauti. Mkebe wa Yakub uliisha. Wa Osob ukaendelea. Kizibo kimoja. Cha pili. Cha tatu. Ndipo ukaisha.

Vigelegele vilipasua soko. Osob aliyekuja mbio kutoka kwenye maziwa yake alipigwa mgongoni, akashikwa mikono, shela yake ikamwanguka shingoni. Mtu alianza kupiga mkebe mtupu kama ngoma. Osob alimvuta Khadra katikati, na safari hii Khadra hakubana midomo. Alikiimba kiitikio chote, kwa nguvu, mpaka wachuuzi wa miraa ng'ambo ya barabara wakasimama kutazama.

"Mtaondoka likizo ya Agosti," Bwana Hesbon alisema kelele zilipotulia. "Na Yakub, mwakani nitakuja tena. Ubao kama huu nitauamini."

Watu walipopungua, Eddo Naimo alimketisha Khadra karibu naye.

"Ulipokuwa ukitia vizibo viwili kwa mtu mmoja, hukudanganya," alisema. "Ulikosea, na kila anayefanya kazi hukosea. Lakini ungelijua kosa ukaliacha, hapo ndipo ungekuwa uongo, hata kama usingesema neno. Kazi ya kuhesabu ni hiyo, Khadra. Ukiona hesabu haiko sawa, hata inapokupendelea wewe, unaisahihisha. Leo Osob ameshinda, na hakuna mtu katika mji huu atakayemwuliza ameshindaje."

Khadra aliitikia kwa kichwa. Kisha akageukia meza, ambako kaseti za wateja zilikuwa bado zimerundikana, majina ya wenyewe yakiwa yameandikwa kwenye vipande vya karatasi. Alitia moja katika mashine, akabonyeza kitufe.

Adhana ya Magharibi ilisikika kutoka msikitini. Eddo alinyoosha mkono akaizima mashine katikati ya wimbo wa pili.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Rukiyo."

"Iweke juu ya nyingine, tusisahau tulipofikia. Tutaimalizia kesho."