Jivu Chini ya Jiwe

Lifti ya jengo la ofisi ilikuwa imekufa siku hiyo, na ngazi zilifurika watu, wa kupanda na wa kushuka. Mshonaji alikuwa anashuka na gauni la mteja begani, mwenyewe ndani ya blauzi ya manjano iliyomkaa sawasawa, alipomgonga kijana aliyekumbatia sanduku la mbao. Sanduku likapinduka. Vipande vya mwamba, vilivyokatwa mviringo na mashine ya kuchimbia, vikaporomoka ngazi nzima.

"Pole, kaka. Mawe yameadimika mpaka unayapandisha ghorofani?"

"Haya yametoka chini ya ardhi, dada. Mimi mjiolojia, ndiyo kazi yangu."

Mshonaji akapiga magoti kumsaidia. Kwa mkono uliozoea kupanga vifungo kwa rangi, akaweka vyeusi na vyeusi, vya kijivu na vya kijivu. Mjiolojia, badala ya kutazama mawe, alimtazama yeye.

"Hivi vyeusi?"

"Lava. Volkeno ilitapika, ikaganda. Hivi vingine ni majivu yake, laini, unakwangua kwa ukucha. Kila mlipuko uliacha tabaka lake."

"Na moyo wa dunia uko wapi?"

"Katikati kabisa, kwenye moto. Hakuna aliyewahi kuufikia."

"Basi tafuta wa karibu, Bwana Mawe."

Mjiolojia alipata namba yake hapohapo. Simu zikawa haziishi. "Kifungo changu, umekula?" "Nimekula. Wewe umeshatafuna kokoto?" Mama yake mshonaji alimpenda kijana huyo, akamwita mkwe hata posa haijafika. Naye kaka yake mshonaji, mwashi aliyekaa muda mrefu bila kazi, akapata kibarua kupitia kwa shemeji, kwenye jengo lililokuwa linajengwa palepale yalipochimbwa yale mawe.

Asubuhi moja msingi ulititia. Ukuta ukamlalia kaka.

Mjiolojia hakuonekana mazikoni, na simu yake ikawa haipatikani. Mshonaji alilia misiba miwili kwa pamoja, na huo wa pili aliuonea aibu mbele ya mama yake. Shoga zake walisema jamaa kapata mwingine. Akaamini, maana hasira ni nyepesi kubeba kuliko huzuni. Alipochoka kuamini, alivaa gauni jeusi alilojishonea mwenyewe, akamfuata kazini.

Alimkuta stoo, amekonda, viatu kavua, shati halijaona pasi, sanduku lile miguuni.

"Hata pole, mpenzi? Nimemzika kaka yangu bila wewe."

"Ningekuja kwa uso gani?"

"Huohuo."

Mjiolojia akalifunua sanduku, akasema, "Kila kipande hutiwa alama palepale kinapotoka shimoni, ijulikane kimetoka kina gani. Siku ile rangi iliniishia. Nikasema nitatia ofisini, si vimeshapangwa kwa kufuatana sandukuni?"

Mshonaji akalitazama sanduku. Vyeusi na vyeusi. Vya kijivu na vya kijivu. Akakaa sakafuni.

"Nilivipanga mimi."

"Wakubwa nimewaambia nilivipanga mwenyewe. Vyeusi vilivyofuatana vikanifanya niandike kuna mwamba mnene; tulipochimba upya, kumbe ni ganda tu juu ya majivu. Kosa ni langu, Kifungo. Nilijificha usije ukaniuliza, nikashindwa kukudanganya."

Mshonaji alimchukia. Na alitaka kulaza kichwa kifuani mwake. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hakuna kilichokiondoa kingine.

"Panga ilivyokuwa."

Akapanga: udongo, lava kidogo, halafu jivu, jivu, jivu. Mshonaji akakwangua kwa ukucha. Likamomonyoka, likamwagikia gauni lake jeusi.

"Nilikuwa nije kuposa," mjiolojia alisema. "Sasa sithubutu kuuliza."

"Usiulize. Vaa viatu. Mama mpaka leo anakuita mkwe. Ananibembeleza nikusamehe, anasema huenda unaumwa. Siwezi kula naye sahani moja huku najua."

"Akitufukuza?"

"Atatufukuza wote wawili."

Walikwenda kwa miguu, bila kushikana. Mama alifungua mlango, uso wake uliochakaa kwa kilio ukapata nuru kidogo. "Mkwe wangu, ulipotelea wapi? Pita ndani, baba, pita." Akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Mshonaji akaushika ule mwingine, asikimbie, au asikimbie yeye mwenyewe.

"Mama," alisema, "kaa kwanza."