Mguu Mzima Kwanza

Asubuhi hiyo ukumbi wa hospitali ulifurika. Kipaza sauti kiliita wagonjwa kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na kila aliyeitwa alidhani ameitwa mwingine. Mbele ya chumba cha mazoezi ya viungo ilibaki nafasi moja kwenye benchi, na watu wawili wakaifikia pamoja.

Mmoja alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamume wa miaka sitini na ushei, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mwingine alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mjane, mdogo kwake kidogo. Alivaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, likamkaa barabara.

"Kaa wewe, bibie."

"Aa, kaa wewe, mzee."

Neno mzee lilimchoma. "Mimi siumwi. Nimemleta dada yangu."

"Hata mimi," fundi akadakia. "Jirani yangu yuko ndani. Magoti."

"Pole yake. Na dada yangu magoti hayohayo."

Wote wawili walikuwa waongo. Goti la mwalimu lilichakaa kwa miaka mingi ya kukanyaga breki kwa niaba ya wanafunzi, na la fundi kwa pedali ya cherehani. Basi wakabaki wamesimama, wanaumia, benchi linawatazama, hadi fundi akaangua kicheko. Wakapeana namba za simu.

Simu zikaanza siku hiyohiyo.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula. Leo wanafunzi wamegonga nini?"

"Mmoja amepanda bustani ya watu. Anasema bustani ndiyo iliyomfuata."

Jioni mwalimu aliegesha gari la mafunzo mbele ya jengo la fundi, na fundi akateremka polepole kutoka ghorofa ya tatu. Lifti ilikufa zamani, hakuna aliyeizika. Walikaa garini wakitaniana mpaka taa za barabarani zikawaka.

"Basi panda juu unywe chai," fundi alimwambia.

"Siku nyingine, mpenzi. Leo nina haraka."

"Kila siku una haraka."

"Njoo wewe kwangu, basi."

"Thubutu! Mimi siendi kwa mwanamume ambaye hajafika kwangu."

Binti yake fundi, aliyeishi mji mwingine na kupiga simu kila jioni, hakuona la kucheka. "Mama, mwanamume anayeishia mlangoni ana mke kwake."

"Hana mke. Alifiwa."

"Nani kakwambia? Yeye? Sikiliza, nakuja Jumapili. Akipanda, nitamwamkia kwa heshima zote. Asipopanda, unahamia kwangu. Ngazi hizo zitakuua."

Fundi alikubali, akamwalika mwalimu chakula cha Jumapili. Alikuwa na hakika atapanda, na hilo ndilo lililomponza.

Mwalimu naye alikuwa amesikia habari za sindano ya magoti. Daktari alimtoa damu mkononi, akaizungusha kwenye mashine, akachukua ile sehemu inayosaidia mwili kujitengeneza, akaichoma gotini. "Wengine inawapunguzia maumivu, wengine haiwasaidii," daktari alimwambia. "Siku chache za kwanza pumzika, linaweza kuvimba. Kisha uanze mazoezi." Mwalimu alisikia maneno matatu tu, inawapunguzia wengine maumivu, na akaichagua Ijumaa ili Jumapili apande ngazi kama kijana.

Jumapili goti likajaa hata suruali ikakataa.

"Fundi, nimepata dharura ya kazi."

"Leo? Si uliniambia shule yenu inafungwa Jumapili?"

Mwalimu akaanza habari za mwanafunzi mmoja, fundi akamkatiza.

"Basi, Mwalimu. Nimeelewa." Akakata simu, na hakuipokea tena. Alilia, akaosha uso, akarudi kwenye gauni la bibi harusi wa watu.

Wiki kadhaa zikapita. Mwalimu alipopelekwa mazoezini aliingia na kaptura ya kuazima. Kitini, mpira umefungwa vifundoni, alikuwa fundi akiinua mguu.

"Jirani yako hajambo?" mwalimu akauliza.

"Hajambo. Dada yako je?"

"Sina dada. Nina goti." Akamweleza yote, sindano, uvimbe, suruali. "Nilitaka umwone mwanamume, si mgonjwa."

"Nikamwona mwongo."

"Na wewe na huyo jirani?"

"Usinigeuzie kibao! Uongo wangu haukumwacha mtu mezani amevaa hereni, binti yake anamtazama."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Lakini nimeshatoa neno. Mwisho wa mwezi nahama."

Dada mhudumu aliyesimamia mazoezi akapiga makofi. "Mzee, mdomo haukazi paja. Inuka kitini, kaa, inuka."

Mwalimu aliomba kitu kimoja tu, afundishwe ngazi. "Kupanda, mguu mzima kwanza," dada akamwambia. "Kushuka, mgonjwa kwanza. Na usishindane na mtu." Akafanya mazoezi nyumbani, akafanya kazini, akafanya akisubiri maji yachemke. Goti halikurudi ujana, ila paja lilikaza na maumivu yakapungua. Mbele ya marafiki aliisifu sindano, na mazoezi akaendelea nayo kimyakimya.

Siku ya kuhama, lori lilisimama chini. Binti alikuwa mlangoni na maboksi aliposikia kiatu, kisha kimya, kisha kiatu. Akachungulia.

"Mama, kuna mzee anapanda. Amevaa suti. Ngoja nikamsaidie."

"Mwache."

Fundi aliutazama mguu wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukiufuata kwenye ngazi ileile, mkono umeshika chuma, jasho limeloanisha kola. Hakuna mwenye mke nyumbani anayepanda hivyo, aliwaza. Akaanza kuteremka, mguu mgonjwa kwanza, na wakakutana kwenye kona ya ghorofa ya pili, wote wanahema.

"Nimekuja kuomba mkono wako," mwalimu akasema, "lakini kwanza naomba nikae."

Wakakaa ngazini. Binti aliyekuwa juu akamwamkia kwa heshima zote, kama alivyoahidi.

"Umechelewa, Mwalimu. Lori liko chini."

"Nimeliona. Dereva ameegesha vibaya." Akajifuta jasho. "Nyumba yangu ni ya chini, Fundi. Haina ngazi hata moja."

"Na siku zote hizi hukusema?"

"Ulisema huendi kwa mwanamume ambaye hajafika kwako." Akagonga ngazi kwa kiganja. "Hapa ni kwako, au bado?"

Fundi alizihesabu kwa macho ngazi zilizobaki hadi mlangoni, kisha akalitazama goti lake.

"Panatosha," akasema. Akainua uso. "Mwanangu, maboksi yateremshe. Umwambie tu dereva kwamba safari imekuwa fupi."